Joho Lililofungwa Kinyume

Asubuhi ile Ruoxi alikuwa anakoroga supu ya pilipili manga kwenye kibanda cha mama yake, mkono mmoja kwenye upawa, mkono mwingine unarusha taulo ya vyombo. Aliirusha juu ikafunguka mpaka ncha, akaivuta kidogo tu kwa kiwiko, ikarudi yenyewe kiganjani. Akarusha tena. Supu ilikuwa inachemka, kamba za tambi zinapanda na kushuka, na wateja wa Kaifeng wa alfajiri walikuwa wameinamia mabakuli yao kama watu wanaosoma.

"We mtoto," akasema Mzee Bao, fundi baiskeli, "hiyo taulo yako ikiangukia bakuli langu utainywa wewe hii supu, na taulo yenyewe utaitafuna."

"Mwache," mama akamjibu kabla Ruoxi hajafungua mdomo. "Leo mchana ndiye anayecheza Ah Rou. Mbele ya ukumbi mzima. Kesho atakuwa mtu mkubwa, hatakuja tena kuwakorogea wazee wasionyoa ndevu."

"Huyu? Mtu mkubwa? Juzi nimemsalimia, kajificha nyuma ya gunia la unga!"

Wakacheka wote, na Ruoxi akainamisha kichwa mpaka mvuke ukamlowesha nyusi. Alikuwa na miaka kumi na saba, na ilikuwa kweli kuhusu gunia. Ruoxi alikuwa mtu wa kuzunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya duka ambalo muuzaji wake hupenda kuongea. Darasani, mwalimu akiuliza swali, alikuwa anajua jibu na anakaa nalo kama pipi chini ya ulimi. Lakini mpe joho lenye mikono mirefu ya hariri na ngoma inayopigwa, huyo anayeogopa wauza duka humwoni tena. Aibu yake ilikuwa kama viatu. Aliivua nyuma ya pazia, akaingia jukwaani bila hiyo.

Na leo alikuwa na sababu ya kuivua mapema. Mwalimu Geng, mama aliyetunga ule mchezo wote na ambaye sauti yake iliweza kumsimamisha mtu hewani katikati ya kuruka, alikuwa amemwambia wazi. Meiling, mchezaji mkubwa wa kundi, ndiye mwenye nafasi ya Ah Rou, ila Meiling aliumia goti na ndiyo kwanza linapona.

"Nakupa mchana mmoja," Mwalimu Geng alisema. "Ukiubeba, msimu wote wa kiangazi ni wako. Ukiuangusha, Meiling anarudi na goti lake hivyohivyo, na wewe unarudi kwenye umati wa jukwaani kuuza maandazi ya mvuke. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Sijakusikia."

"Nimeelewa!"

"Vizuri. Hiyo ndiyo sauti. Ifiche miguuni."

*

Mchezo wenyewe hauna neno hata moja, ni ngoma tupu, na kila mtu Kaifeng anaufahamu kwa sababu ni mji wao, ila wa zamani sana, enzi za wafalme, ulipokuwa mji mkuu na watu walilala wakiwa wamebanana kama meno. Ah Rou ni binti wa mtengeneza taa za karatasi. Mpenzi wake ni mlinzi wa mnara wa moto: kazi yake ni kukaa juu usiku kucha na kutazama mapaa, akiona moshi anagonga ubao. Hawawezi kuonana, maana yeye hashuki na Ah Rou hapandi. Basi binti huinua taa dirishani, na kijana anagonga ubao mara moja, polepole, ambayo si alama ya moto. Mtaa mzima unajua maana yake na unajifanya umelala.

Halafu moto unakuja kweli. Mlinzi anashuka, anatoa watoto, anatoa wazee, anarudi kumtoa baba wa Ah Rou, na hapo haonekani tena.

Sehemu ya mwisho ni siku ya kusafisha makaburi. Mji umejengwa upya, wauzaji wamejaa barabarani, watu wamebeba vyakula wanakwenda mashambani kwa wafu wao, na Ah Rou anapita katikati yao na joho jeupe la katani, la msiba, lenye mikono mirefu kuliko yeye mwenyewe. Hana kaburi la kwenda. Anapita tu, analia kwa mikono ile, na pazia linafungwa. Hivyo ndivyo Meiling alivyokuwa anaucheza, na watu walikuwa wanatoka wameloa leso.

Mlinzi wa mnara alikuwa Yichen. Alikuwa amemzidi Ruoxi miaka miwili, na kwa kuwa wote walifundishwa na Mwalimu Geng, alimwita mdogo wangu na yeye alimwita kaka, kama ilivyo desturi yao. Zamani Yichen alikuwa kasuku. Angeweza kuongea na ukuta mpaka ukuta ukacheka. Ila baridi iliyopita, siku chache tu baada ya mwaka mpya, alifariki bibi yake aliyemlea kijijini, akaenda kuzika, na aliyerudi alikuwa mtu mpole anayejibu kwa kichwa. Alikuwa anacheza vilevile, tena vizuri zaidi. Lakini vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa kimya siku hizo.

Mchana ule, wakati wanapakana poda, alimtazama Ruoxi kwenye kioo.

"Mikono inatetemeka?"

"Kidogo."

"Basi tetemeka sasa, umalize. Mimi leo nakufa vizuri, mpaka mama yako atarusha kiti."

Ilikuwa ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu mazishi. Shangazi Kuang wa mavazi, aliyekuwa na pini mdomoni, akageuka kumtazama, akakaribia kumeza moja.

*

Na kweli, sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Ruoxi aliinua taa dirishani na hakuhitaji kuigiza kwamba anangoja. Ubao ulipogongwa kule juu, mgongo wake wenyewe ulijibu. Kwenye soko la usiku alizunguka kati ya wauza tambi na wauza mitandio bila kumgusa mtu, na umati wa jukwaani, ambao mpaka juzi alikuwa mmoja wao na sinia lake la maandazi, ulimfungulia njia kama vile amezaliwa kupita hapo. Moto ulipokuja, vitambaa vyekundu vikishuka kutoka juu, Yichen alikufa kama alivyoahidi. Mtu mmoja ukumbini alipiga kelele. Ruoxi aliijua sauti. Alikuwa mama.

Taa zikazimika, na hapo ndipo kuna kazi, kwa sababu Ah Rou ana muda mfupi sana wa kugeuka kuwa mfiwa. Wapiga muziki wanapiga filimbi moja tu, umati unapanga soko gizani, na yeye anasimama pembeni nyuma ya pazia, mikono ameinyoosha, Shangazi Kuang anamvika lile joho juu ya gauni lake la rangi ya zambarau, anafunga kamba chini ya kwapa, anamsukuma.

Shangazi Kuang hakuwepo.

"Shangazi!" Ruoxi akaita kwa kunong'ona.

"Niko huku!" Sauti ilitoka upande wa pili wa jukwaa, mbali kama ng'ambo ya mto. "Suruali ya mchukuzi imepasuka matakoni! Nishone kwanza, jamani, anaingia sasa hivi na chupi inaonekana! Jivike!"

Joho lile huwezi kujivika. Mikono ni mirefu mno, ukiingiza vidole havitoki mpaka uikunje mara nyingi, na kamba ziko ubavuni na mgongoni. Ruoxi alikuwa ameingiza mkono mmoja, anazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, wakati Yichen alipotoka jukwaani, jasho likimchirizika, masizi ya uongo yakiwa usoni.

"Simama," akasema. "Nyoosha mikono."

Akamvika. Hakuwa na haraka, au vidole vyake havikuwa nayo. Alisimama mbele yake, akavuta upande mmoja, akaulaza mwingine juu, akapitisha kamba, akafunga, akalainisha kifua cha joho kwa kiganja, mara mbili, taratibu. Alikuwa hamtazami usoni. Filimbi ikaisha.

"Nenda, mdogo wangu."

Akaenda.

*

Sasa, hili halihitaji kufundishwa. Mtoto wa Kaifeng analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: ukivaa joho, upande wa kushoto unalala juu ya upande wa kulia. Hivyo ndivyo wazee wa wazee walivyovaa, na hivyo ndivyo wachezaji wanavyovaa. Anayefungwa kinyume, wa kulia juu ya kushoto, ni mmoja tu, na huyo havai mwenyewe. Anavalishwa, akiwa amelala, na hanyanyuki.

Ruoxi aliingia sokoni taratibu, mikono myeupe ikiburuzika nyuma yake. Alirusha wa kwanza. Ukafunguka vizuri kuliko taulo yoyote. Alirusha wa pili. Akasikia ukumbi ukibadilika.

Mchezaji anausikia ukumbi kama mpishi anavyosikia mafuta. Kuna kimya cha watu wanaolia na kuna kimya cha watu walioona kitu. Safu ya mbele walikuwa wamekaa mabibi wa mtaani, wale wanaokuja na mbegu za alizeti na kuongea kama wako ukumbini peke yao.

"Ala! Mbona huyu mtoto kafungwa kimaiti?"

"Shh!"

"Usininyamazishe mimi! Tazama kifua chake, macho si unayo?"

"Mama yangu. Kweli."

Ruoxi alizunguka, na katika kuzunguka akatazama chini. Wa kulia juu. Akatazama pembeni: Yichen alikuwa amesimama palepale nyuma ya pazia, mikono yote miwili mdomoni, macho yamemtoka. Amekwisha kuona. Na kule kwenye njia ya pembeni mwa viti, kivuli kirefu kilikuwa kimesimama, na kivuli hicho kilikuwa Mwalimu Geng.

Ukiubeba ni wako, ukiuangusha unauza maandazi.

Angeweza kuwageuzia watazamaji mgongo na kucheza hivyo mpaka mwisho. Angeweza kukumbatia kifua kwa mikono ile mirefu, kukificha, Meiling mwenyewe angefanya hivyo na asingejulikana. Yote mawili yalimpitia kichwani, na yote mawili yalikuwa mambo ya mtu anayejificha nyuma ya gunia. Jukwaani Ruoxi hakuwa na gunia.

Akawaza, haraka, kama unavyowaza wakati bakuli linaanguka: nani kamfunga Ah Rou hivi? Yule aliyekufa. Kaja gizani, kamvika kwa mikono yake, anataka amfuate. Basi. Nimeshavikwa. Tuone.

Akaacha kulia. Akashusha mikono yote miwili ikaburuzika, akanyoosha shingo, akaanza kutembea kuelekea mnarani, si kwa hatua walizofundishwa, kwa hatua ndogondogo zisizo na uzito, kama mtu anayevutwa na kamba. Wauzaji walitakiwa wampishe kwa huzuni. Wakampisha kwa hofu. Hawakuwa wanaigiza, wengi wao walikuwa na bibi nyumbani na walijua wanachokiona. Muuza mitandio alirudi nyuma mpaka akagonga mti wa mbao. Muuza maandazi, binti mmoja mnene anayeitwa Xiaodou, aliachia sinia kabisa, na maandazi yakabingirika jukwaani.

Mpiga ngoma, ambaye ana macho kama ya kunguru, aliona kwamba Ah Rou hayuko anapotakiwa kuwa. Akainua fimbo, akaiacha juu. Muziki wote ukanyamaza nyuma yake.

Ruoxi alifika chini ya mnara. Akatazama juu, kule ambako hapakuwa na mtu. Akangoja. Ukumbi ukangoja naye, mabibi na mbegu zao midomoni. Hakuna ubao uliogongwa.

Akaikunja mikono mirefu, taratibu, mpaka vidole vyake vikatoka. Akashika kamba.

Na hapo ndipo alipogundua kitu ambacho hakuna mtu mwingine angeweza kukigundua. Fundo lilikuwa bapa. Shangazi Kuang anafunga fundo dogo gumu kama punje ya mahindi, ukiegemea linakuchoma ubavu. Hili lilikuwa limelazwa, limebanwa kwa kidole likawa jembamba kama jani, fundo la mtu aliyefikiria kwamba anayefungwa atalala juu yake muda mrefu na hataki limuumize. Lilifunguka kwa kugusa tu.

Akafungua joho lote, wakaona gauni la zambarau la siku zile za taa. Akashika upande wa kulia, akauweka chini. Akashika wa kushoto, akauinua juu kidogo ili hata aliyekaa nyuma kabisa auone, akaulaza juu yake. Akapitisha kamba chini ya kwapa. Akafunga mwenyewe, mbele ya watu wote, kama binti anayejiandaa kwenda sokoni.

Mpiga ngoma akashusha fimbo. Pigo moja.

Kisha Ruoxi akainama, akaokota andazi moja kati ya yale yaliyobingirika, akalifuta vumbi kwenye joho la msiba, akaliuma. Halikuwa la mbao kama mengine. Xiaodou huwa anaficha moja la kweli kwa ajili ya njaa yake. Akatafuna. Xiaodou akamtazama, halafu, Mungu ambariki, akanyoosha kiganja kudai chake.

Ukumbi ulicheka na kulia kwa pamoja, kelele ya ajabu, kama sufuria likichemka na kumwagika. Pazia lilifungwa juu ya kelele ile.

*

Mama alikuwa wa kwanza kufika nyuma. Alimgeuza Ruoxi, akamtemea mate pembeni ya miguu, ptu, ptu, kufukuza kisirani, akampiga mgongoni kwa kiganja kama anatoa vumbi kwenye godoro.

"Nilitaka kupanda nikuvue mwenyewe! Mzee Bao kanishika sketi! Mtoto wangu mmoja tu, namwona kavikwa sanda mchana kweupe!"

"Mama, nimerekebisha."

"Nimeona umerekebisha. Ulipouma lile andazi ndiyo nikakaa." Akamshika mashavu. "Kula tena kitu. Sasa hivi. Nikuone unakula."

Shangazi Kuang naye alifika na sindano bado mkononi, na alikuwa anamtafuta mwingine.

"Yichen! Wewe! Miaka yote hii hujui kushoto na kulia? Ulikuwa umelala? Mikono yako ilikuwa wapi?"

Yichen alikuwa amekaa juu ya sanduku la taa, masizi yakiwa yamechanganyika na jasho. Alitazama mikono yake kama ya kuazima.

"Sijawahi kumvika mtu joho, Shangazi," akasema. "Nimemvika mtu mmoja tu. Bibi."

Shangazi Kuang akaishusha sindano.

"Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Nikaoneshwa mara moja namna ya kufunga, nikafanya. Leo mikono imefanya ileile. Mimi hata sikuwa nafikiri." Akasimama. Akamtazama Ruoxi, mara ya kwanza tangu gizani. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuletea kifo mwilini."

"Kaka, hapana, ngoja..."

Lakini sauti ile Ruoxi aliyoambiwa aifiche miguuni ilikuwa bado iko miguuni. Ilitoka ndogo, ikamezwa na kelele za wachukuzi wanaobeba mnara. Yichen alipita mlango wa nyuma akiwa na mavazi yake ya mlinzi na uso wake uliopakwa, akaondoka.

Ruoxi angemkimbilia, ila mkono ulimshika bega. Mwalimu Geng.

"Nani kapanga ile?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema mimi. Ilikuwa imekaa pale wazi kama kiti.

"Hakuna aliyepanga. Kaka Yichen kakosea kufunga. Mimi nikarekebisha."

"Ukarekebisha." Mwalimu Geng aliliweka neno mdomoni kama anaonja chumvi. "Miaka mingi naumaliza mchezo huu kwa kilio. Miaka mingi kuna kitu kinanikera pale mwisho, sijui ni nini. Leo nimekijua. Yule binti alikuwa anaondoka bila kuchagua." Akalitazama lile fundo jipya. "Kesho saa nane mchana kuna onyesho tena. Mkosee tena."

"Mwalimu?"

"Ila sitaki gizani. Nataka watu wamwone anayefunga. Mlinzi aliyekufa anakuja, anamvika mpenzi wake joho la kumfuata, vilevile alivyofanya leo, kwa ule utaratibu wake, na kile kiganja kifuani. Nilikuwa pembeni mwa safu, nilikiona kupitia upenyo wa pazia, kwa mwanga wa taa ya nyuma. Halafu wewe unafungua. Msimu ni wako."

Ruoxi akatabasamu mpaka poda ikapasuka.

"Lakini nahitaji mikono ileile," Mwalimu Geng akaendelea. "Nikimweka mwingine atafunga kama anafunga mzigo. Bila Yichen hakuna mwisho mpya, tunarudi kwenye ule wa zamani. Na ule wa zamani Meiling anaucheza kukushinda. Nakwambia kweli, unajua mwenyewe."

"Najua."

"Basi mlete."

*

Yichen alikuwa amepanga chumba kwenye uchochoro nyuma ya ukuta wa mji. Mwenye nyumba, bibi mmoja aliyekuwa anaanika figili kwenye kamba, hakungoja kuulizwa.

"Kaja hapa na uso wenye masizi kama mzuka, nikaangusha ndoo! Namwuliza, kijana, kuna nini, anasema anakwenda kwao. Na nguo hizohizo. Watu wa basi watakimbia, nakwambia." Akamchunguza Ruoxi kutoka juu mpaka chini. "We ndiye nani? Mchumba?"

"Mdogo wake. Wa ngoma."

"Mmh," akasema bibi, kwa namna ya mtu ambaye hajaamini na ameridhika. Akarudi kwenye figili zake.

Ruoxi alikaa kwenye kizingiti. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya ukuta, na watoto walikuwa wanapiga mpira wa manyoya kwa miguu, wanagombana nani kauangusha. Alijua Yichen amekwenda wapi. Kijiji chao kilikuwa safari ya jioni moja, na kaburi la bibi yake lilikuwa juu ya shamba la ngano. Yichen alimwambia siku moja, zamani, wakati bado anaongea. Amekwenda kumuuliza bibi yake kama kuna ubaya umefanyika.

Akatoa simu. Akaandika: Kaka, samahani. Akafuta, kwa sababu hakuwa na kosa la kuombea msamaha. Akaandika: Mwalimu Geng anakuhitaji kesho. Akafuta hiyo pia. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kama kumpelekea mtu barua ya ofisi kaburini. Akaandika kwamba yeye haogopi, akafuta, maana mtu asiyeogopa hasemi.

Ni ukatili kumwomba arudie jambo lile? Alilifikiria kwa uaminifu, simu ikimzimikia mkononi. Mikono ya Yichen ilikuwa inabeba kitu kile tangu baridi, peke yake, haijamwonesha mtu. Leo kimetoka chenyewe, na yeye kakimbia nacho kabla hajaona kilivyopokelewa. Hakuwaona mabibi wa safu ya mbele wakifuta macho kwa mikono yenye chumvi. Hakuona lile joho likifunguliwa mpaka mwisho. Kufikia hapo alikuwa amefunika uso. Kilichobaki kwake ni nusu ya kufungwa tu. Ruoxi alikuwa na nusu nyingine, na angempa, kesho, mbele ya watu wote.

Kwa hilo hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa anajua alichokifanya pale chini ya mnara, na alijua atakifanya tena, na kitakuwa kizuri zaidi.

Vidole vikaenda vyenyewe.

"Kaka, fundo lako lilikuwa bapa. Nililishika. Yule uliyemfunga mara ya kwanza hakuumia ubavu, na mimi sikuumia. Kesho saa nane mchana. Njoo unifunge vilevile, usibadilishe kitu, kiganja pia. Kufungua niachie mimi."

Aliusoma ujumbe mara moja tu. Akautuma.

Watoto wakaitwa kula, mmoja mmoja, wakaacha mpira wao uchochoroni. Bibi mwenye nyumba akatoka, akaona bado amekaa, akamletea kigoda. Ruoxi akahamia kigodani, simu juu ya goti, kioo chake kikiwaka na kuzima kila alipokigusa. Ujumbe ulikuwa umefika. Chini yake bado hapakuwa na jibu.